Msaada wa Mapema kwa Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza wa Chuo Kikuu

Matokeo ya mtihani wa serikali yakitoka, mtaa mzima unajua. Vijana wanapakwa pudra, wazazi wanapigiana simu, na siku ya Mungu inayofuata wenye diploma wanaitwa mbele ya kanisa ili waombewe. Miezi michache baadaye wengi wao wanaingia chuo kikuu huko Goma, Bukavu, Bunia, Beni, Butembo au Uvira, na hapo sisi tunanyamaza. Habari zao tunazisikia tena mwisho wa mwaka: huyu amepita, yule anarudia, mwingine ameacha na hataki kuulizwa.

Nyuma ya kila mwaka unaopotea kuna shamba lililouzwa, ng'ombe aliyetoka zizini, au mama aliyechukua zamu yake ya likelemba ili alipe minervali. Kwa wasichana wengine mwaka ukipotea, jamaa haitatoa pesa mara ya pili. Wanaanza kumtafutia mume.

Makala hii inaeleza namna ya kumsaidia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kabla hajaanguka. Imeandikwa kwa wachungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa vijana na wazazi. Wazo lake kubwa ni moja: mwanafunzi haanguki siku ya mtihani. Anaanza kuanguka katika majuma ya kwanza, kimya kimya, na majuma hayo ndiyo wakati msaada unapokuwa rahisi na wenye nguvu.

Maana ya msaada wa mapema

Msaada wa mapema ni kumfuata mwanafunzi mgeni tangu anapofika chuoni, kutambua dalili za shida kabla ya mitihani ya kwanza, na kumuunganisha haraka na mtu au kikundi kinachoweza kumsaidia. Mambo matatu yanautofautisha na misaada tuliyoizoea.

Kwanza, ni wa mapema. Kumtafutia kijana mwalimu wa kumfundisha baada ya matokeo mabaya ni kazi njema, lakini huko ni kutibu. Hapa tunataka kinga.

Pili, unamwendea mwanafunzi. Haumngojei aje kuomba. Mwenye shida kubwa ndiye anayeona haya kuliko wengine, na mara nyingi hajui kwamba yuko katika hatari, kwa sababu bado hajapewa alama yoyote.

Tatu, unagusa maisha yote: kozi, pesa, malazi, afya na upweke. Mtu anayelala njaa hawezi kuokolewa na masomo ya jioni peke yake.

Kwa nini mwaka wa kwanza ni mgumu

Sababu ya kwanza ni lugha. Mtoto wa Kivu au Ituri anazungumza Kiswahili nyumbani, pamoja na Mashi, Kinande, Kilega, Kihema au lugha nyingine ya jamaa yake. Kifaransa alikisoma darasani, na mara nyingi mwalimu alikuwa akirudi kwenye Kiswahili ili wote waelewe. Chuoni profesa anazungumza Kifaransa kwa saa 3 bila kusimama, katika ukumbi wenye mamia ya watu, na anatazamia kwamba kila mmoja anajiandikia noti. Kijana aliyekuwa wa kwanza katika shule yake anaandika nusu ya sentensi, na nusu nyingine inapotea.

Sababu ya pili ni namna ya kusoma. Katika shule ya sekondari mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili, kisha wanarudisha maneno yaleyale kwenye mtihani. Chuoni anaulizwa kueleza, kulinganisha na kutumia alichojifunza katika jambo jipya. Kukariri kulikomfikisha pale hakumtoshi tena, na hakuna aliyemwambia kwamba mchezo umebadilika.

Sababu ya tatu ni uhuru. Hakuna anayeita majina kila asubuhi wala anayewaita wazazi. Tangu mwaka wa masomo 2021–2022, vyuo vyetu vimeingia katika mfumo wa LMD, yaani licence, master na doctorat. Mwaka una krediti 60, semesta 30, na katika hesabu ya krediti kazi anayofanya mwanafunzi peke yake inahesabiwa pamoja na saa za darasani. Maana yake, sehemu kubwa ya masomo iko mikononi mwa kijana wa miaka 18 au 19 ambaye hajawahi kujipangia juma lake. Tena semesta ni fupi. Mtu anayeamka katika mwezi wa tatu amekwisha kuchelewa.

Sababu ya nne ni pesa. Kuna minervali inayolipwa kwa awamu, kuna kodi ya chumba, silabusi za kununua, kopi, na mega za kuingia intaneti. Awamu ikipita bila kulipwa, mwanafunzi anaweza kuondolewa kwenye orodha ya wenye kufanya mtihani, hata kama ameyasoma yote.

Sababu ya tano tunaijua vizuri sana hapa mashariki. Wengi wamesoma sekondari wakikimbia vita: mwaka mmoja nusu, shule tatu tofauti, miezi katika kambi za wakimbizi. Diploma wanayo, lakini ndani yake kuna matundu. Sura nzima za hesabu au kemia hawakuziona kamwe. Matundu hayo hayaonekani kwenye karatasi. Yanaonekana juma la tatu, profesa anaposema, “Hili mlilisoma sekondari,” kisha anaendelea.

Dalili za kuangalia

Dalili hizi zinaonekana kabla ya mtihani wowote. Moja peke yake inaweza kuwa jambo dogo. Mbili au tatu pamoja zinataka mtu aende kumtembelea.

– Amekosa masomo mara kadhaa katika mwezi wa kwanza.
– Hakutoa kazi ya kwanza ya mazoezi, au aliitoa na anaficha alama aliyopata.
– Hana silabusi wala noti kamili za kozi moja kubwa.
– Hana hata mwenzake mmoja wa kusoma naye.
– Awamu ya kwanza ya minervali haijalipwa, na hakuna anayejua itatoka wapi.
– Amebadilisha tabia: haji tena ibadani, hapokei simu za nyumbani, analala mchana.
– Au kinyume chake: yuko kanisani kila siku. Jumanne kwaya, Jumatano maombi, Ijumaa mkesha, Jumamosi mazoezi tena.

Hii ya mwisho inatuhusu sisi viongozi. Kijana mgeni mjini anapata joto katika kwaya kuliko katika ukumbi wa watu 300 wasiomjua. Tunamsifu kwa uaminifu wake, huku saa zake za kusoma zikipungua juma kwa juma. Kiongozi wa kwaya anayemwambia mwimbaji wake, “Mwezi huu wa mitihani, uje siku ya Mungu tu,” amemsaidia kuliko aliyemwombea baada ya kuanguka.

Kuuliza nako kuna namna yake. Tukimuuliza kijana, “Masomo namna gani, mwanangu?” atajibu, “Iko muzuri, Pasta, Mungu anasaidia.” Hakusema uongo, ametoa jibu la heshima kwa swali la salamu. Maswali yanayofungua mlango ni haya: Kozi gani inakushinda zaidi? Nionyeshe noti zako za juma hili. Kazi ya kwanza ulipata ngapi? Unasoma na nani? Awamu ya pesa inaisha tarehe gani?

Yaliyojaribiwa kwingine

Shida hii si ya Kongo peke yake. Vyuo vya nchi nyingine vimeitafutia dawa kwa miaka mingi, na baadhi ya majaribio yao yanatufundisha jambo hata kama hatuna mali yao.

Katika miaka ya 1970, kwenye Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Marekani, Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi wengi walikuwa wakianguka katika somo la hesabu la mwaka wa kwanza. Wakufunzi walikuwa na majibu tayari: hawana bidii, shule walizotoka ni dhaifu, jamaa zao hazijali masomo. Treisman aliwafuata wanafunzi 20 weusi na wengine 20 wenye asili ya China, akaangalia namna wanavyoishi na kusoma. Aliona kwamba wale weusi hawakuwa wavivu, na jamaa zao ziliwatia moyo sana. Tofauti ilikuwa kwingine. Wao walisoma peke yao, kila mtu chumbani mwake. Masomo yalikuwa upande mmoja na marafiki upande mwingine. Wenye asili ya China walisoma peke yao kwanza, kisha walikutana jioni, wakalinganisha majibu, wakaulizana, wakasahihishana. Aliyekwama alijua mapema kwamba amekwama, na alijua kama ni yeye peke yake au ni wote.

Treisman akaanzisha vikundi vya kazi. Hakuwaita wanafunzi kama watu dhaifu wanaohitaji kurudishwa nyuma. Aliwaita kama watu wanaoweza kufika mbali, akawapa mazoezi magumu kuliko ya darasani, wakayafanya pamoja. Walioshiriki walifaulu vizuri kuliko wenzao ambao hawakushiriki, na mfano huo ukaenea katika vyuo vingine vya Marekani.

Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Missouri huko Kansas City, Deanna Martin alianza njia nyingine inayofanana na hiyo. Badala ya kutafuta wanafunzi wagumu, alitafuta kozi ngumu, zile ambazo wengi huanguka. Kwa kila kozi ya namna hiyo alichaguliwa mwanafunzi aliyekwisha kuipita vizuri. Huyo anarudi kukaa darasani pamoja na wapya, kisha kila juma anaongoza vikao vya kusoma vilivyo wazi kwa wote. Hafundishi kozi upya. Anawaonyesha namna ya kuandika noti, kuuliza na kujipima. Kwa kuwa mlango uko wazi kwa kila mtu, mwenye 8 kwa 20 na mwenye 16 wanakaa meza moja, na hakuna anayetiwa alama usoni.

Katika Chuo Kikuu cha Georgia State, mjini Atlanta, tangu 2012 kompyuta zinafuata mamia ya dalili kwa kila mwanafunzi, kama vile alama ndogo katika kozi ya msingi. Dalili ikionekana, mshauri anamwita mwanafunzi azungumze naye. Chuo hicho pia hutoa misaada midogo ya pesa kwa wanafunzi wanaokaribia kufukuzwa kwa sababu ya salio dogo la ada. Wengi wanavutiwa na kompyuta hizo. Lakini kompyuta inaonyesha jina tu. Anayemtafuta mwanafunzi ni mtu. Sisi hatuna mashine hizo, ila tuna watu wanaojua jina la kila kijana, la baba yake na la kijiji chake.

Karibu na kwetu, vyuo vingi vya Afrika Kusini vina programu zilizorefushwa: masomo ya miaka 3 yanafanywa kwa miaka 4, ili mwanafunzi aliyetoka shule dhaifu ajaziwe msingi huku akiendelea. Kwetu Kongo vitivo vingine, hasa vya uinjinia, vina mwaka wa matayarisho wenye kusudi linalofanana na hilo. Kijana akishauriwa kuanza na mwaka huo, wazazi wasiuone kama aibu au hasara. Ni msingi wa nyumba.

Jaribio la mwisho ni dogo kuliko yote. Mwaka 2011 watafiti wawili, Gregory Walton na Geoffrey Cohen, walitangaza matokeo ya zoezi lililochukua muda wa saa 1 hivi. Wanafunzi wapya walisoma maneno ya waliowatangulia, waliosema kwamba nao katika mwaka wa kwanza walijiona wageni wasiostahili kuwa pale, na kwamba hali hiyo ilipita. Kwa wanafunzi weusi alama zilipanda katika miaka 3 iliyofuata. Kijana anayefikiri “mimi peke yangu sielewi” huondoka. Anayejua kwamba wote walipitia hapo hubaki na kuuliza.

Namna parokia inavyoweza kupanga kazi hii

Makanisa yetu yamejenga vyuo. ULPGL ilianzishwa Goma mwaka 1985, UEA huko Bukavu mwaka 1991, na huko Bunia kuna Chuo Kikuu Shalom, kilichotoka katika shule ya teolojia. Kama tuliweza kujenga kuta, tunaweza kuwafuata watoto walio ndani yake, na walio katika vyuo vya serikali vilevile. Mpango huu unaweza kufanywa na parokia ya kawaida.

Kabla ya masomo kuanza. Parokia anakotoka kijana imwandikie barua ya utambulisho, kama tunavyofanya kwa mkristo anayehama. Barua iseme jina, chuo, kitivo, mahali atakapolala, na namba ya simu ya mzazi. Parokia inayompokea iwe na daftari moja la majina hayo, na mtu mmoja anayelitunza. Asiwe mchungaji, kwa maana kazi zake ni nyingi. Mwalimu wa sekondari au mama mwenye subira anafaa zaidi.

Juma la 1 na la 2. Wakusanyeni wapya pamoja na wanafunzi wa miaka ya mbele. Wakubwa watoe ushuhuda, lakini si ule wa ushindi tu. Waeleze namna semesta ya kwanza ilivyowashinda, alama waliyopata, na walichobadilisha. Kila mpya apewe mkubwa mmoja, ikiwezekana wa kitivo kilekile, wa kumpigia simu.

Juma la 3 na la 4. Mtunza daftari azungumze na kila mmoja, akitumia maswali tuliyoyataja juu. Dakika 15 zinatosha. Aandike kozi inayomshinda na tarehe ya awamu ya pesa.

Juma la 4 hadi la 6. Angalieni daftari: kozi gani inatajwa na wengi? Anzisheni kikundi cha kozi hiyo, jioni mbili kwa juma, katika ukumbi wa kanisa. Aongoze mwanafunzi aliyeipita vizuri. Kinachohitajika ni taa ya sola, ubao, chaki, kopi chache za silabusi, na chai kama ipo. Kikundi kiwe wazi kwa wote, hata kwa wasio wa kanisa letu. Waache wajadiliane kwa Kiswahili hadi jambo lieleweke, kisha waliandike kwa Kifaransa, kwa maana mtihani utakuja kwa Kifaransa.

Mwezi mmoja kabla ya mitihani. Angalieni pesa. Anayekosa salio dogo aonekane sasa, wakati parokia au jamaa bado ina nafasi ya kutafuta. Punguzeni kazi za kwaya na mikesha kwa wanafunzi.

Baada ya matokeo ya semesta ya kwanza. Kutaneni ndani ya juma moja. Katika LMD kozi iliyoshindwa haimalizi safari: kuna sesheni ya pili, na kadiri ya kanuni za chuo mwanafunzi anaweza kupanda akiwa na deni la krediti chache. Mwanafunzi na mzazi wazisome kanuni hizo pamoja kabla ya mtu yeyote kusema neno “kuacha”.

Jambo la binti zetu

Kuna hatari ambayo mara nyingi hatuitaji ibadani. Wasichana wengine wa mwaka wa kwanza wanaombwa mwili ili wapewe alama. Anayekataa anaogopa kuangushwa, na anayekubali anabeba jeraha peke yake. Binti asipokuwa na mtu mzima anayemwamini tangu juma la kwanza, hatamtafuta siku ya shida.

Kwa hiyo kila binti aliye katika daftari apewe mama mmoja wa kanisa, na mama huyo amwambie mapema, kwa maneno ya wazi: “Jambo hili likikupata, kosa si lako. Njoo kwangu, hata usiku.” Akija, asiulizwe alivaa nini. Asikilizwe, apelekwe kwa muganga kama ni lazima, na ashauriwe namna ya kushitaki. Ujumbe wowote aliotumiwa kwenye simu usifutwe.

Yasiyofaa na mipaka

Msitangaze majina ya wanaoshindwa, hata katika maombi. Daftari ni la siri kama mambo ya chumba cha ushauri. Msimlinganishe kijana na ndugu yake aliyefaulu. Na mwenye njaa au mwenye homa, msimwambie kwamba shida yake ni kukosa bidii.

Tena tuseme ukweli: msaada huu hauwezi kila kitu. Hauwezi kufungua chuo kilichofungwa kwa sababu ya mapigano, wala kumfanya profesa awe mwenye haki. Kijana aliyeona jamaa yake ikiuawa, na ambaye hawezi kulala wala kushika kitabu, anahitaji mtu aliyefundishwa kutunza majeraha ya moyo. Kikundi cha hesabu hakitoshi. Na wengine waliingizwa katika kitivo wasichokipenda kwa sababu baba alitaka daktari. Kwa hao, kubadili njia mapema ni kuokoka, na mchungaji anaweza kuwa mtu wa kwanza wa kulisema hilo mbele ya baba.

Parokia isiyoweza kufanya yote ianze na daftari. Majina, namba za simu, kozi inayomshinda kila mmoja, tarehe ya awamu, na mtu mmoja wa kuyafuata kabla juma la 6 halijaisha.